Dakika Kumi za Januarius Shigela

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka marehemu Januarius Shigela, mwenye mashine ya kusaga, aliyegombea ubunge mwaka tisini na tano. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha: Januarius Shigela, mwenye mashine, mgombea wa mwaka tisini na tano. Amefariki Jumanne ya wiki iliyopita kijijini kwao, nje ya Bariadi. Jina la kijiji sitalitaja. Wenyewe wapo, wanasikiliza.

Soko lilipofunguliwa na mtu kuruhusiwa kufanya biashara yake, Shigela aliuza ng'ombe wa urithi, akaagiza injini ya dizeli. Ilishuka kwenye treni Malampaka. Kutoka Malampaka ikavutwa na maksai siku mbili. Mjane wake, Mama Felisita, ameniambia: "Siku ya kwanza alisaga bure. Jioni alikuwa mweupe mpaka kope, watoto wakamkimbia wakidhani ni mzimu." Na wanawake wakaweka vinu vyao nyuma ya nyumba, kuku wakalala humo.

Halafu vikaja vyama vingi. Kijijini zikapanda bendera mbili, na watu wa bendera hii hawakuwasalimu wa bendera ile. Kwenye mashine ya Shigela walipanga madebe yao foleni moja, wakapeana migongo. Yeye alisaga ya wote. Ndipo akachukua fomu kwa chama kidogo, ambacho pale kijijini hakikuwa hata na mlingoti.

Maneno yake yalikuwa haya, kila mkutano: "Wazee wameshika usukani muda mrefu, tusiwatukane. Vijana wanataka mabadiliko, tusiwapige. Twende taratibu, tukutane katikati."

Siku moja mzee Machibya, mtemi wa sungusungu, yaani mkuu wa ulinzi wa kijiji, alimwuliza mbele ya foleni: "Shigela, hebu tueleze. Wewe ni ugali au ni uji?"

"Inategemea mgonjwa ameamkaje, mzee wangu."

Foleni nzima ilicheka, bendera zote mbili. Watu wakaanza kusema, huyu huenda akapita.

Sasa, kwa ninyi mlioko mjini, nieleze kitu kimoja. Kwa Wasukuma kuna mwano. Mwano ni ukelele wa hatari. Ng'ombe wameibwa, au mtu amevamiwa. Ukiusikia, unaacha tonge mkononi, unachukua upinde, unakimbia. Mwanaume asiyekimbia anatengwa. Hakuna kujitetea.

Mwezi wa tisa, mwaka tisini na tano, Shigela alikuwa jukwaani. Jukwaa lile la mbao alilipigilia binamu yake, Masele, mtoto wa mama mdogo, aliyelelewa na mama yake Shigela. Walinyonya nyumba moja. Kibali cha mkutano kiliishia saa kumi na mbili jioni. Ilikuwa imebaki robo saa. Mwano ukalia kutoka ng'ambo ya mto.

Wanaume waliinuka kama kundi la ndege. Lucy, binti wa marehemu, alikuwa na miaka kumi na saba, amekaa mbele. Anasema: "Baba mdogo Masele alipiga kelele, 'Shuka, Januarius! Mwano huo!' Baba akatazama saa yake. Akasema, 'Dakika kumi, Masele. Namalizia habari ya barabara. Na polisi tutawapa taarifa.'"

Dakika kumi. Wanaume walikimbia, yeye akawahutubia wanawake na watoto juu ya barabara.

Wezi walikuwa na mishale. Giza lilipoingia wanaume wa kijiji walirudi, wakang'oa mbao za jukwaa, wakaenda kumbeba Masele juu ya mbao alizopigilia mwenyewe. Mshale uliingia chini ya mbavu.

Asubuhi hukumu ikasomwa: Shigela ametengwa. Salamu asipewe. Moto asiazimwe. Akifiwa au akifa, mtu asishike jembe kumzikia. Na atakayepeleka debe kwenye mashine yake, naye atatengwa. Kuku wakafukuzwa kwenye vinu. Wanawake wakaanza kutwanga upya, hatua mia kutoka kwenye injini nzima.

Uchaguzi ukafika. Kituo cha kijijini kilimpa kura mbili. Nyumba yake ilikuwa na wapiga kura watatu: yeye, mkewe, na mama yake mzazi. Mama Felisita anasema, "Hatukuulizana. Bibi alikula chakula chake, akalala."

Njia ya kutoka ilikuwepo. Atoe dume la ng'ombe, apige magoti mlangoni kwa mjane wa Masele. Shigela alifikiri wiki nzima, akapeleka mtamba mdogo badala ya dume. Akasema, "Nimekosa nusu. Nusu nyingine ni kibali cha serikali."

Machibya akamwuliza, "Na Masele amekufa nusu?" Mtamba akarudishwa.

Mwaka tisini na saba mama mzazi akafariki. Watu walikaa kando ya njia wakatazama. Shigela, mkewe na Lucy walichimba kaburi siku mbili, kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoshika jembe kama meno. Majirani hawakucheka. Walitazama tu, halafu wakaenda kukamua.

Jumanne ile Shigela alikuwa akiifuta injini, kama alivyofanya kila Jumanne kwa miaka minne bila kusaga debe moja. Akaanguka hapo hapo. Saa nne asubuhi, amekwisha.

Lucy alitazama ardhi, ni kiangazi, ngumu kama sakafu. Akamtazama mama yake. Akatoka, akapanda kichuguu, akapiga mwano.

Walikuja. Vijiji vitatu, wanaume zaidi ya mia, pinde mkononi, wanatweta. Machibya mwenyewe alikuja, na miguu yake ile.

"Ng'ombe wamepita wapi?"

"Hakuna ng'ombe, babu. Ni baba."

Sheria yao wanaijua: aliyeitikia mwano harudi nyumbani kazi haijaisha. Mmoja akaweka upinde chini. Mwingine akaomba jembe. Kabla jua halijapita utosini Januarius Shigela alikuwa amezikwa, na watu wale wale.

Kisha, pale pale kaburini, udongo haujakauka, Machibya akamhukumu mtoto. Mwano wa uongo: dume moja la ng'ombe.

"Yuko kwenye nguzo ya mashine, babu," Lucy akasema. "Mchukueni."

Alikuwa amemfunga hapo kabla hajapanda kichuguu.

Wasikilizaji wapendwa, pole kwa Mama Felisita. Pole kwa Lucy. Na pole kwa mjane wa Masele, ambaye hakuna aliyepiga magoti mlangoni kwake hadi leo. Mwenyezi Mungu awapumzishe marehemu wote wawili.

Dume limeliwa. Adhabu imekwisha, na ya mashine pia, mzee Machibya amenithibitishia kwa kinywa chake. Lakini juzi nimepita pale, injini bado kimya. Kwa hiyo wewe mama unayenisikia saa hii huku unatwanga, simamisha mchi kidogo. Debe la kwanza litatoka nyumba gani?