Wanaopinga Waseme

Sikilizeni wanangu, na mnisikilize mkiwa mmeketi, maana tangu mfike jana mnapishana katika nyumba hii kama paka na mbwa waliofungiwa stoo moja. Merritt, toka hapo dirishani. Lois, acha kuushika huo mlango, hauanguki. Vuteni viti mje karibu na kitanda, mmoja kulia na mmoja kushoto, nami Hester Kittredge, mama yenu, mjane wa Asa, niseme neno langu pumzi ikiwa bado yangu. Daktari ameagiza nipumzike. Nitapumzika sana, wala hamtakuwa na haja ya kunikumbusha.

Nyumba hii, ghala, bwawa la baba yenu, na msitu wa miti ya kugema kule kilimani pamoja na kibanda tunachochemshia utomvu mpaka uwe mzito na mtamu kama asali, vyote nataka viwe vyenu wawili, visigawanywe, wala visiuzwe kwa watu wa Boston wanaotafuta mahali pa kuja kupigia picha majani ya miti yakigeuka rangi. Hilo ndilo nitakalo. Lakini kutaka kwangu hakutoshi, kwa sababu nyumba ya watu wawili wasioketi meza moja ni kuni tu, nanyi hamjaketi meza moja tangu ile sikukuu ya Shukrani Merritt alipokuja na kitabu chake kwapani, bata mzinga akapoa mezani, na Lois akaondoka koti mkononi akisema hawezi kula na ndugu anayeichimbia kaburi kazi yake ya serikali. Wakili yuko sebuleni na kalamu yake. Hataandika kitu mpaka nijue ninawaachia nyumba au ninawaachia vita.

Kitabu chenyewe hiki hapa ubavuni mwangu. Ni Mpango wa kuisuka upya serikali kuu, ulioandikwa na wahafidhina wenzetu wa Washington, na sura ya watumishi wa umma ni ya mwanangu Merritt, jina lake limepigwa chapa, na mama yeyote angejivuna. Nimekisoma chote majira haya ya baridi kwa kioo cha kukuzia, kikinilalia kifuani kama ndama. Wewe Lois hujakisoma, unakitukana kwa uliyoyasikia redioni. Wewe Merritt nakushuku hukukisoma vilevile, uliandika sura yako ukaenda kula, maana ungekisoma ungeona sura ya jirani yako inaitukana ya kwako. Ukurasa mmoja unasema serikali ipunguzwe mpaka itoshe mfukoni, ukiugeuza unakuta serikali hiyohiyo imepewa ufunguo iingie madarasani, maktabani na vyumbani mwa watu. Sasa imekonda au imenenepa? Mimi mzee naomba kujua.

Wala usitabasamu, Lois. Sijageuka. Chama chetu nimekipigia kura maisha yangu yote, nitazikwa mhafidhina, na yule mchungaji kijana asithubutu kusema vingine mbele ya jeneza langu. Merritt hakuyazua maradhi, yapo. Mnayajua mambo ya bwawa. Baba yenu alitaka kuwachimbia ng'ombe wake bwawa katika ardhi ya babu yake mwenyewe, akaja bwana wa serikali kuu na buti mpya akapima, akaja mwingine akapima alichokipima mwenzake, akaja wa tatu akatuuliza kama tumewafikiria vyura. Kibali kilipofika, ng'ombe waliokusudiwa maji yale walikuwa wameshazeeka wakafa. Asa akakipigilia ukutani ghalani akasema, "Haya Hester, sasa tutafute ng'ombe." Kwa hiyo Merritt anapoandika kwamba serikali ni kongwe, nzito na haisikii, namwambia hapo umenena, mwanangu. Lakini kunguni hawajawahi kuwa sababu ya mtu mwenye akili kuichoma nyumba.

Sasa sura yako. Umeuliza, "Nani aliwachagua hawa?" Swali tamu. Ukataka maelfu yao wawe watu wa kuondolewa kwa neno moja, bila sababu, waingie walio watiifu kwa rais, ili akisema jambo liwe. Swali hilo nililisikia wewe ungali unanyonya kidole, na aliyeuliza alikuwa Truman Peasley.

Ilikuwa Jumanne ya kwanza ya Machi, mkutano wa mji wa kila mwaka, watu wote ukumbini mwa shule na matope yao, wanawake wa kanisa wakipasha maharagwe jikoni, nami mbele na nyundo yangu ya mbao, msimamizi wa mkutano. Truman alikuwa mkuu wa halmashauri, mtu hodari, simnyimi haki yake. Akasimama akasema, "Bibi msimamizi, mimi mmenichagua. Huyu Elwin, fundi wa barabara, kachaguliwa na nani? Namwambia fanya, ananijibu hapana. Nipeni ruhusa nimweke nimtakaye na nimwondoe nisiyemtaka." Makofi yalipigwa, kwa sababu Elwin naye alikuwa mtu wa kuchosha, mkaidi, ananuka grisi, na hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kugombana nayo juu ya theluji ya mlangoni. Nikauliza wanaokubali, ukumbi ukatikisika.

Nikauliza wanaopinga. Mnaijua desturi yangu. Wasimamizi wengine huuliza wanaopinga huku nyundo imeshanyanyuka, mimi hungoja. Hungoja mpaka viti vianze kulia, hata kama jibu linajulikana, kwa sababu mwenye hapana mara nyingi ana magoti mazito na inamchukua muda kusimama. Nikangoja. Ikatoka sauti moja kule nyuma: "Hapana." Ni baba yenu. Watu wakaangua kicheko, na mmoja akamwambia, "Asa, hivi kwako unaruhusiwa kusema hivyo?" Akajibu, "Kwangu siruhusiwi, ndiyo maana nimekuja kusemea hapa."

Truman akamwondoa Elwin, akamweka shemeji yake, kijana mpole kama maziwa. Truman akimwuliza, "Daraja la kijito liko sawa?" kijana anajibu, "Liko sawa kabisa." Ajibu nini? Ana watoto, na kazi aliyopewa ni kukubali. Alikuwa ameiona mbao iliyooza, akamwambia mkewe, mkewe akaliambia nusu ya kanisa. Mji mzima ulijua daraja limeoza isipokuwa Truman, aliyekuwa na mamlaka yote juu yake. Lori la maziwa lilipolivunja likazama kijitoni, dereva alitolewa na mguu uliosagika, na mpaka leo anatembelea gongo. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Hapo ndipo Mpango wenu unaponitoa pumzi hata hii kidogo niliyobakiwa nayo. Mmejaza kurasa za jinsi rais atakavyotiiwa, lakini nimetafuta kwa kioo na sikuona mstari mmoja wa jinsi atakavyoambiwa kuwa daraja limeoza. Dada yako kazi yake ni kupima mito na kusema maji yanakuja, mkubwa apende asipende. Mkishamtia katika kundi la wafukuzwao kwa neno moja, atasema nini mkubwa akitaka mto uwe mtulivu? Mto hautiishwi na sura ya kitabu. Na fimbo mnayoichonga, Merritt, mnadhani mtaishika ninyi milele? Watakapoingia wale wengine, wale unaosema wataiangamiza nchi, wataikuta nyuma ya mlango, imenyooka na imepakwa mafuta. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Nilikuambia haya kwenye simu, ukanijibu, "Mama, mambo si mepesi hivyo." Mwanangu, kila aliyetaka kuniuzia ng'ombe mgonjwa alianza na maneno hayo.

Nawe Lois usijipepee, zamu yako imefika. Ulimwita ndugu yako msaliti mbele ya wanawe, watoto wakabaki wamekodoa macho na vijiko mkononi. Uliniambia kwa kinywa chako kwamba ofisini kwenu yupo bwana anayelala tangu asubuhi hata jioni na hakuna awezaye kumgusa. Je, ulilisema hadharani? Ulinyamaza, ukaogopa wapinzani wa ofisi yenu watafurahi. Basi ukinyamaza wewe unayejua, atasema Merritt asiyejua, na akisema vibaya unachukua koti ukaondoka. Tena unapinga kitabu usichokisoma. Unapinga nini hapo, jalada? Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, na kunguru wa siku hizi wananunua mashamba.

Nipe maji. Taratibu. Inatosha.

Truman Peasley yu hai, na sijamsemesha tangu siku ya lori. Mwiteni mazishini. Mpeni pai ya tufaha na kipande kinene cha jibini, mketi naye, kwa maana mtu yule alisimama katika ukumbi uleule akasema amekosea, akamrudisha Elwin kazini mbele ya macho yetu, na wakubwa wa namna hiyo hawaokotwi njiani. Kinyongo changu kife nami, msikirithi. Deni langu ni moja tu, chungu kikubwa cha maharagwe cha kanisa, kiko stoo. Kirudisheni kabla wale wanawake hawajaanza kukitaja juu ya kaburi langu.

Sasa Merritt, nitazame. Wewe hujawahi kuniambia hapana. Unapiga simu kila Jumapili, una maneno matamu, nikisema nitaendesha gari usiku, "Sawa mama," nikisema nitapanda kilimani kugema peke yangu, "Sawa mama, wewe bado una nguvu." Lois ndiye aliyeninyang'anya funguo za gari. Lois ndiye aliyemwambia daktari kwamba nilisahau jiko likashika pazia, nami nikamwita nyoka, nikamgeuzia mgongo, akaendelea kuniletea supu na kunikatalia. Basi leo tukifuate kitabu chako kama kilivyo. Nyundo yangu iko wapi? Hapo kwenye kabati. Niwekee mkononi, mkono wenyewe haukazi.

Mkutano umefunguliwa. Hoja ni moja: kwamba nyumba, ghala, bwawa na msitu vyote apewe Merritt, aliye mtiifu, na Lois atoke mikono mitupu, kwa kuwa ni mkaidi, ananikatalia, na hakuna aliyemchagua. Msinitazame hivyo. Sina mzaha. Litakalotoka hapa ndilo wakili atakaloandika, na karatasi ya daktari kwamba akili zangu ni timamu anayo. Nyamaza Lois, hoja inakuhusu wewe, kwa hiyo kura huna. Ukumbi mzima ni kaka yako.

Wanaokubali waseme ndiyo.

Hakuna ndiyo. Haya.

Wanaopinga waseme.

Nangoja. Unaijua desturi yangu, Merritt, siinui nyundo mapema. Kiti chako kinalia. Nangoja, mwanangu, ila safari hii sina muda kama zamani, usinifanye nife katikati ya hoja... Usimtazame dada yako, hawezi kukusaidia. Nitazame mimi ninayekupa kila kitu, kisha useme ulicho nacho.

Sijasikia. Waliokaa nyuma hawajasikia. Sema tena.

Eee. Hiyo. Mungu wangu, ni sauti ya Asa ileile, kutoka nyuma ya ukumbi. Hapana yako ya kwanza katika nyumba hii, umenipinga mimi mwenye kukupa, na umejinyima nusu ya msitu kwa kinywa chako. Umeona neno hilo lilivyo zito? Umeona magoti yanavyogoma? Na mimi ni mama yako, siwezi kukufukuza. Sasa rudi Washington ukaiandike upya sura yako ukiwa na uzito huo kooni. Lois, unalia nini, mpe leso kaka yako kwanza.

Hoja imeanguka. Vyote ni vyenu wawili. Kila Jumanne ya kwanza ya Machi, utomvu ukianza kushuka, mje hapa mchemshe pamoja, na moto ukishashika mketi, mmoja aseme mpaka amalize na mwingine amsikie mpaka mwisho, kisha mwulizane wanaopinga, na mngoje. Msiulize kama watu wanaofunga duka. Nyundo mpokezane, mwaka huu huyu, mwaka ule yule, maana mwenye nyundo hana kura na ni vizuri kila mmoja aonje. Kitabu msikichome, Lois. Kitabu kilichochomwa hakijibiki. Kisome.

Mnizike na Asa, upande wa kushoto, mwanamume yule alikuwa akikoroma upande wa kulia. Mungu awape... ngoja nivute pumzi. Mungu awape watoto wabishi wenye adabu. Awape madaraja mazima, na yakioza awape mtu wa kuwaambia, na awape masikio siku hiyo. Awafunike. Awarudishe mezani.

Mwite wakili. Hapana, bado. Shikaneni mikono kwanza, hapa juu ya blanketi. Macho yangu yamejaa ukungu, siwaoni vizuri. Mmeshikana?

Msiniambie ndiyo ili nife na raha. Ileteni hiyo mikono hapa niiguse mwenyewe.

Nangoja.