Bi Lorraine Drozda, Aliyemzomea Mumewe Kila Jumamosi

Padre Dennis, wafiwa wote, majirani wa Ridge Road, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, mashabiki wa mieleka mliokuja na jaketi zenu za zamani ambazo hazifungi tena tumboni, na hata ninyi mliofuata pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kujazwa viazi, za akina mama wa parokia, familia za Drozda na Pietrzyk zimenipa mimi Gary, mkwe wa marehemu, heshima ya kuwasomea maisha yake, ingawa nilizaliwa Cleveland, mji wa mahasimu wetu, kosa ambalo marehemu alinisamehe kwa mdomo tu. Naomba mkae vizuri, kwa sababu ndani ya historia hii limo jambo ambalo mji huu haujawahi kuambiwa, na marehemu mwenyewe aliagiza lisemwe siku ya Jumamosi, katika ukumbi huu huu, yeye akiwa amelala mahali ulipokuwa ukisimama ulingo.

Marehemu Lorraine Jadwiga Drozda alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 hapa Lackawanna, jimbo la New York, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Walter Pietrzyk, fundi wa tanuri la chuma, na marehemu Bibi Genevieve, ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa upishi wake, na wachache wenu mnamkumbuka kwa mwavuli wake. Inasimuliwa kwamba alipotoka tumboni alipiga ukelele ambao mkunga hakuwahi kuusikia kwa mtoto mchanga, akamwambia mama mzazi, "Huyu wako hajaja kutusalimia, amekuja kushitaki," na kwa miaka sabini na moja iliyofuata sauti ile haikushuka hata kidogo.

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1957, akaendelea na sekondari hapa mjini hadi alipohitimu Juni 1969, na huko ndiko mwalimu wa muziki, baada ya kushindwa kabisa kumfanya aimbe kwa upole kwenye kwaya, alipomkabidhi matoazi ya bendi ya shule iliyopiga kwenye mechi za futiboli yetu ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, akidhani amelimaliza tatizo, kumbe amelimwagia petroli. Kutoka kwenye matoazi alipata mapenzi mawili kwa mpigo, futiboli na muziki wa roki, na mapenzi ya tatu, mieleka, alikuwa ameshayarithi kwa mama yake, aliyemleta ukumbini hapa kila Jumamosi tangu miguu yake haijafika sakafuni anapokaa kwenye kiti.

Sasa, ndugu zangu, msije mkafikiri huyu alikuwa shabiki wa kupiga kelele tu, la hasha, Lorraine alikuwa na msimamo, na ukikaa naye jikoni, redio ikiunguruma na mabawa ya kuku yakikaangwa, ungeusikia utake usitake. Kwenye futiboli hakumtazama mrusha mpira hata siku moja, aliwatazama wale wazito wa mstari wa mbele, wanaogongwa mechi nzima ili mwingine apate picha gazetini, wale ambao jina lao linatajwa uwanjani siku wakikosea tu, na kwenye roki alikuwa akininyamazisha katikati ya gitaa la solo, "Acha huyo anayejionyesha, Gary, sikiliza besi, besi ndiyo imebeba nyumba," na kwenye mieleka alishikilia kwamba anayeshinda ni mgeni mwalikwa, mwenye kazi ni yule anayepigwa. Ndiyo maana timu yetu ilipopoteza fainali nne mfululizo na watu wazima wakalia barabarani kwenye theluji, yeye alivaa jezi yake Jumatatu asubuhi akaenda kazini kifua mbele, akisema waliofungwa wakarudi tena ndio wake. Na alisema pia kwamba shabiki ni mfanyakazi kama wengine, kelele yake ni zamu yake, na asiyepiga kelele amekula mshahara wa bure.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa Septemba 1969 katika kiwanda cha kushona viti vya magari, akapanda kutoka mshonaji hadi msimamizi wa zamu, akastaafu mwaka 2013, na wenzake walioko hapa wanajua kwamba cherehani arobaini zikiunguruma pamoja, agizo la Lorraine lilisikika mpaka getini bila kipaza sauti.

Basi tufike kwenye ndoa, na hapa ndipo penyewe. Wazee mnazikumbuka Jumamosi zile, shujaa wetu akiwa Stan Wrona, maarufu Nyundo, kijana wa tanuri la chuma kama baba zenu, ambaye tunashukuru yuko nasi leo na fimbo yake, na adui yetu akiwa yule mwanaharamu aliyeitwa Mwenye Nyumba. Aliingia na kinyago cheusi kilichofungwa kamba kisogoni, koti refu, na shada la funguo alilotikisa mbele ya nyuso za watu wanaoishi nyumba za kupanga, akinguruma, "Kodi yangu! Leo tarehe ngapi?" na ukumbi ukapasuka, na kutoka kiti cha kwanza mstari wa kwanza ikasikika sauti moja juu ya zote, "Ziba bomba kwanza, ndiyo uje na kodi! Paa linavuja, mwizi mkubwa we!" Aliyekuwa mstari wa kwanza, bila shaka, alikuwa Lorraine, na kando yake mama yake na ule mwavuli, ambao Mwenye Nyumba aliuonja mgongoni zaidi ya mara moja.

Jumapili moja ya mwaka 1973, Lorraine akiwa kwenye misa, kijana mpole aliyekuwa akipitisha kikapu cha sadaka, Casimir Drozda, ambaye sote tunamwita Caz, alinyoosha mkono, na Lorraine akaona kwenye kifundo cha mkono kovu la kuungua aliloliona jana yake kwenye mkono ulioshika shada la funguo. Marehemu aliweka sadaka yake taratibu, akainama, akanong'ona, kwa mara ya kwanza na ya mwisho kanisani, "Kodi nimeshalipa," na Caz nusura amwage kikapu.

Naam, mmesikia vizuri, na naona pale nyuma kuna watu wameshika vichwa, Mwenye Nyumba ni Caz, Caz wetu, aliyewapeleka watoto wenu shule kwa basi la manjano na kuwafungia zipu za makoti, ndiye huyo mliyemtupia vikombe vya bia.

Nje ya kanisa alimwomba, "Dada, chondechonde, usinitaje, nikijulikana nimekwisha," kwa sababu miiko ya mieleka ile ya maonyesho, ambayo mshindi hupangwa kabla, ilikuwa mikali, adui lazima achukiwe kweli, haonekani akicheka na watu, na mwenye kinyago haruhusiwi kukivua popote isipokuwa ulingoni, mbele ya watu, siku atakaposhindwa kihalali na kuaga. Lorraine akamjibu, "Sikutaji, ila jana ulianguka ngumi haijafika, unatuaibisha sisi tunaokuzomea." Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1975, siku ya Jumamosi, katika kanisa hili la jirani, na jioni ile ile bwana harusi alikuwa ulingoni akipigwa na Stan, na bibi harusi alikuwa kiti cha kwanza, maua bado kichwani, akimzomea hadi mshipa wa shingo ukasimama. Alimshonea vinyago vyote kwa mabaki ya ngozi bandia ya viti, kwa hiyo mliokuwa mkimwona adui anatokwa jasho kama bomba mkadhani ni woga, kumbe ni kiti cha nyuma cha gari.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Denise, mke wangu, aliyezaliwa 1977, na Paul, aliyezaliwa 1980, ambao walilelewa wakijua kwamba nyumbani baba anabusiwa, ukumbini baba anazomewa, na nje ya nyumba hakuna kusema. Bibi Genevieve hakuambiwa kamwe, akawa anampiga mkwewe mwavuli Jumamosi na kumpakulia pierogi Jumapili, na siku moja akamuuliza, "Mwanangu, hilo bega limefanya nini?" akajibiwa, "Niliteleza kwenye barafu, mama," akasema, "Julai hii?" kisha akamwongezea sahani, na alipofariki mwaka 1988 alikuwa akimwombea Caz kila siku, Mwenye Nyumba akimwachia shetani.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa marehemu rohoni, naye hakulificha kwetu. Katika miaka yote ile hakuwahi kumshangilia mumewe, hata siku moja, hata alipopigana na ubavu uliopasuka ili Stan apate usiku mzuri, maana kumshangilia kungemharibia kazi, kwa hiyo makofi yake aliyaweka akiba kwa ajili ya pambano la kuaga, lililopangwa Januari 1985, ambapo Stan angemshinda na kukifungua kinyago, na mke angesimama mbele ya mji mzima na kusema huyu ni wangu. Wiki ya pambano hilo ikaja tufani ya theluji, paa la ukumbi huu likaingia ndani, promota akahamia Florida bila kuaga mtu, na ingawa paa lilijengwa upya, mieleka ya Lackawanna ikafa pale pale. Caz hakushindwa, hakuaga, hakuvuliwa kinyago, na sisi wa nyumbani tulipomwambia Lorraine kwamba mambo hayo yamepita, awaeleze tu majirani na kahawa mkononi, alituwakia, "Mtu aliyepigwa kwa ajili ya mji huu ujana wake wote nimvulie kinyago jikoni? Nani kasema?"

Machi 2022 marehemu alianza kukwaruza sauti, akadhani ni msimu wa futiboli uliopita, lakini vipimo katika hospitali mjini Buffalo vilionyesha saratani ya koo, na Septemba mwaka huo akafanyiwa upasuaji uliookoa uhai wake na kuondoka na sauti yake. Asubuhi ya upasuaji, akijua hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kusikika, alituita kitandani akasema, "Nikitangulia, nilazeni ukumbini. Kinyago kivuliwe mbele za watu, azomewe zomeo la haki. Halafu makofi yangu, nimeyaweka muda mrefu, mtu anipigie." Caz akasema, "Lori, watanichukia," naye Stan, aliyekuwa amekaa pembeni na soda yake, akasema, "Kaka, hawa walikuchukia kwa raha, hukuona?" Kisha Lorraine akamgeukia mumewe, akavuta pumzi, akamzomea, uuuuu moja ndefu iliyotoka wodini hadi kwenye lifti, madaktari wakasimama, na hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho duniani.

Baada ya hapo alirudi kwenye matoazi yake ya shule, akayapiga sebuleni kila timu ilipofunga, na kila Caz alipoingia chumbani alimwelekezea kidole gumba chini, kama mlivyokuwa mkifanya ukumbini, hata muuguzi mmoja akamvuta Caz pembeni, "Pole baba, wagonjwa wengine hubadilika," na Caz, akilia na kucheka kwa pamoja, akamjibu, "Huyu? Hajabadilika hata chembe." Ugonjwa ulirudi Oktoba mwaka jana, Jumapili tarehe 12 Januari aliushuhudia ushindi wa timu yetu kwenye mtoano akiwa kitandani, na Jumanne tarehe 14 Januari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake, alifungua macho, akamwona mumewe, akageuza gumba chini, akalala. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne na mji ambao haukujua unadaiwa nini.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliomletea chakula kila wiki, Padre Dennis aliyekubali ukumbi wake utumike kwa jambo ambalo hajalielewa vizuri, na majirani wa kulia na kushoto waliovumilia matoazi bila kuita polisi zaidi ya ile mara moja.

Na sasa, kwa mujibu wa wosia wa marehemu, namwomba mzee Caz asimame, akitoe kile kilicho mfuko wa ndani wa koti lake, akivae, na Denise tafadhali umfunge kamba. Mzee Stan, pita mbele na fimbo yako, hii ndiyo ile Januari. Ninyi wengine simameni, na Stan atakapoanza kufungua, mzomeeni Mwenye Nyumba kwa nguvu zenu zote, mkumbusheni bomba, mkumbusheni paa, wala msimhurumie hata kidogo, huruma ingemuudhi aliyelala hapa, zomeeni hadi fundo la mwisho. Kinyago kikishatoka, na uso wa Caz Drozda ukaonekana ulingoni kwa mara ya kwanza, Denise atapiga matoazi ya mama yake mara moja, na hapo, kwa niaba ya mwanamke aliyesubiri tangu mwaka 1973, mtamshangilia, na hamtaacha mpaka mimi wa Cleveland niwaombe.

Lorraine, pumzisha koo lako kwa amani, zamu hii tunaishika sisi.