Profesa Tak Sun-ae na Minyoo ya Ini ya Darimok

Ndugu waombolezaji, walimu na madaktari, na ninyi majirani zetu wa Darimok mliofunga safari kuja huku Busan, mimi ni Tak Chil-bong, mdogo wake marehemu, na familia imenipa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yangu, Profesa Tak Sun-ae, nami nitayasoma yote, pamoja na ile sehemu ambayo mke wangu ameniomba niiruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 kijijini Darimok, kando ya mto Nakdong, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tak Man-su, akasoma shule ya msingi hapo hapo kijijini, kisha sekondari mjini Miryang, na alikuwa bado mwanafunzi, Septemba 1968, baba yetu alipofariki, macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa maji, wazee wakasema ni pombe, ingawa baba hakuwa mnywaji.

Mwaka 1970 alijiunga na kitivo cha tiba mjini hapa, akahitimu udaktari Februari 1976, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1984, na kuanzia Machi 1985 hadi alipostaafu Februari 2016 alifundisha katika kitivo hicho. Kila mwaka kitivo kilichapisha kitabu cha walimu wake na kile ambacho kila mmoja anakitafiti, na humo utakuta ubongo, seli shina, jeni za saratani, mambo ya kumfanya mtu aitwe kwenye televisheni, lakini chini ya jina la dada yangu palikuwa na mstari mmoja ambao haukubadilika kwa miaka thelathini na mmoja: minyoo ya ini kwa watu wa mtoni wanaokula samaki wabichi. Mkuu wa kitivo wa wakati ule, Profesa Ma, ambaye yupo hapa na atanisamehe, alimsihi, "Profesa Tak, upambe kidogo basi huo mstari, mimi nitaombaje fedha kwa ajili ya minyoo?" naye akamjibu, "Njoo kwetu ule samaki, halafu utafiti tutaufanya kwenye ini lako."

Tarehe 17 Oktoba 1978 alifunga ndoa na shemeji yangu Yeo Gi-cheol, mwalimu wa hisabati, wakajaliwa Mi-ran mwaka 1980 na Jun-pyo mwaka 1983, na sasa wapo wajukuu watatu.

Kuanzia mwaka 1989, kila Aprili, hata baada ya kustaafu, alikuja Darimok na wanafunzi wake na vikopo vyenye majina yetu, kila mtu atie choo chake kipimwe, na mwaka ule wa kwanza shangazi yetu, mnisamehe kwa neno, alimpokea kwa kelele, "We Sun-ae! Tumekusomesha udaktari ndio urudi kutuomba mavi?" Tulikula samaki wabichi kwa pilipili, tukiamini pombe ya mchele inaua kila kitu tumboni, na katika watu 212 aliowapima, 131 walikuwa na minyoo, lakini Aprili mwaka huu walibaki wanane tu, na hiyo ni kazi yake.

Mimi sikuwa katika hao wanane, na hapa ndipo mke wangu anapoinamisha kichwa. Mwaka wa kwanza nilitia choo cha mbwa wetu, Nurongi, dada akapiga simu, "Chil-bong, nimekuta minyoo ya mbwa, nikutibu wewe au nimtibu Nurongi?" na tangu hapo nikawa natia cha mke wangu, ambaye ni mtu wa milimani na samaki mbichi hamgusi, kwa hiyo nikaandikwa mzima miaka yote. Niliogopa kuambiwa nina kile kilichomuua baba.

Juni mwaka huu dada aligundulika kuwa na saratani ya mirija ya nyongo, akatuambia mwenyewe kwamba ni wale samaki aliolishwa utotoni, kabla hajajua lolote. Septemba aliniita kitandani, akasema, "Nimesoma choo cha mkeo miaka thelathini. Nakuomba chako, mdogo wangu, kabla sijaondoka." Nilimpa. Wanafunzi wake walikuta mayai ya minyoo, nikameza dawa chini ya macho yake, nikaambiwa nipimwe tena baada ya mwezi, nami nikaahirisha wiki mbili nikivuna mpunga. Kila siku aliuliza kama majibu yametoka, hadi alipofariki Alhamisi, tarehe 7 Novemba 2019, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tano, majirani waliompelekea uji, walimu wenzake, na wanafunzi wake ambao jana, katikati ya msiba, walirudi kwenye hadubini kwa ajili yangu.

Dada, majibu yametoka. Hakuna hata yai moja. Pumzika sasa, kwa amani.