Godoro la Makumbi

Assalamu alaykum. Kaeni vizuri. Sitarefusha, lakini pia sitapamba.

Mmeniita katika kikao hiki cha wazazi niseme juu ya watoto wetu na mambo ya intaneti. Najua wengi mmekuja kunisikia nikiwasema watoto. Basi mtarudi na njaa yenu. Leo namsema mtu mzima, na mtu mzima mwenyewe ni mimi. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa.

Mnanijua. Mimi ni fundi magodoro. Skuli nilitoka darasa la tatu, nikabeba magunia ya usufi pale Darajani mpaka bega likaota sugu, kisha nikashika sindano. Nyumba ninayolala nimeijenga kwa sindano ile. Sikusaidiwa na mtu, na kila aliyekaa na mimi dakika tano nimemwambia hivyo, hata asiyeuliza.

Nina binti. Wakati huo, miaka ya elfu mbili mwanzoni, alikuwa na miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye duka moja la intaneti Mji Mkongwe, anawachapia watu barua zao. Mtoto huyu tangu mdogo hodari wa kuiga watu. Akimwiga jirani anavyopiga chafya, mama yake analia kwa kicheko. Na mimi nilikuwa nikicheka, ila nikigeuza uso ukutani, asije akazoea.

Sasa barazani kwetu, tunapokunywa kahawa baada ya laasiri, mwenzetu mmoja anayefanya kazi ofisini akaanza kutuletea karatasi. Kulikuwa na ukumbi huko kwenye intaneti, watu wa Unguja na wenzao walioko Maskati na Ulaya wanaandikiana, kila mtu kwa jina la kubuni. Yeye akiyatoa kwenye mashine ya ofisini, anakuja kutusomea. Na humo akatokea mtu anajiita Babu Kichwangumu.

Siku ya kwanza tulisomewa hivi: "Jana nimekwenda hospitali. Daktari kaniuliza, mzee, unasikia maumivu wapi? Nikamwambia, wewe ndiye uliyesoma, tafuta."

Baraza zima likaanguka. Muuza kahawa aliweka buli chini. Mimi sikucheka.

Kesho yake ikaja nyengine: "Skuli nilitoka darasa la tatu kwa hiari yangu. Mwalimu alikuwa keshamaliza anayoyajua." Wakacheka tena, na mmoja akanitazama kwa pembe ya jicho. Nikajiambia, huyu ni msomi mmoja amekaa Ulaya anatukejeli sisi tusiosoma. Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale nilikuwa nayasema mimi kila wiki, kwa kinywa changu, na sikuyatambua. Mtu anaweza kuishi na sauti yake miaka hamsini asiijue akikutana nayo njiani.

Nikamwambia yule mwenye karatasi, "Nawe si unaweza kumjibu? Basi andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika: Babu, mzaha wako umechacha, mpe paka, na paka akikataa usimlaumu."

Wakapiga mapaja. "Wallahi mzee una ulimi." Nami, mtu ambaye hajasifiwa na mwalimu hata siku moja, nikavimba. Akanitafutia jina, Msumari. Tangu siku hiyo kila laasiri nasomewa Babu kasema nini, nami natoa jibu, na yeye kesho yake analipeleka. Watu wa mitaa mengine wakawa wanakuja kunisikiliza. Nikawa nakwenda barazani na kanzu iliyopigwa pasi.

Miezi mitatu.

Na katika miezi hiyo mitatu mtoto wangu alikuwa anazimika nyumbani. Kwanza aliacha kuiga watu. Kisha akaacha kula na sisi. Siku moja nashona, akaja akasimama mlangoni.

"Baba, hivi mimi nna lolote la kuchekesha?"

Nyuzi ziko mdomoni. Nikazitema, nikamjibu, "Mwanamke wa kuchekesha anaolewa na nani?"

Akasema, "Hewalla, baba." Akaondoka.

Mnaguna. Guneni. Lakini msigune kama kwamba nyinyi majumbani kwenu hamna mlango aliosimama mtoto akajibiwa hivyo.

Halafu ikaja siku niliyotoa neno langu kubwa. Sisi mafundi tunajua, kuna wenzetu wezi, wanajaza makumbi ya nazi ndani ya godoro, juu wanatandaza usufi kidogo. Mteja analalia wiki moja, mbavu zinamchoma. Nikamwambia yule mwenzetu, "Andika: Babu Kichwangumu ni godoro la makumbi, juu maua, ndani miba, na atakayemlalia ajilaumu." Walicheka mpaka wapita njia wakasimama.

Baada ya hapo Babu akanyamaza. Hakuandika tena. Barazani wakanipongeza kwa kumuua. Na binti yangu akaacha kazi. Akajifungia chumbani, kila akiulizwa kitu mama yake anajibu kwa niaba yake. Mke wangu akasema mtoto kafanyiwa jambo. Mimi nikasema uvivu.

Desturi yangu, kila mwaka kabla ya Ramadhani nayafumua magodoro ya nyumbani, naupiga usufi fimbo, nauanika, nashona upya. Nikalichukua la binti. Ubavuni nikaona mshono si wangu. Unafanana na wangu, maana nilimfunza mwenyewe, lakini mkono wake unavuta uzi kushoto. Nikaufumua. Ndani ya usufi mlikuwa na karatasi.

Nikakaa uani, nikasoma. Mimi nasoma kama mtu anayevuka mwamba pekupeku. Zilikuwa hadithi za Babu Kichwangumu, kwa hati ya binti yangu, zimekatwa, zimeandikwa tena, zimekatwa. Chini kabisa karatasi moja ya mashine. Neno langu la godoro la makumbi. Limezungushiwa kalamu, na pembeni ameandika neno moja tu: Baba.

Alinitambua kwa sentensi moja. Mimi sikumtambua kwa miezi mitatu.

Nikaingia chumbani na karatasi mkononi.

"Ulijua ni mimi?"

"Nani mwengine Unguja hii anamwita mtu godoro la makumbi, baba?"

"Na yule Babu ni nani?"

Akanitazama kama ananionea huruma. "Ni wewe. Watu walikuwa wanakupenda. Kuna mmoja Maskati aliandika kuwa angetamani awe na baba kama yule."

Nikatoka nikaenda barazani, na sikwenda kunywa kahawa. Nikawauliza, mlijua? Mmoja akasema, "Kuwa ni mwanao hatukujua. Lakini kuwa anasemwa wewe, tulijua tangu wiki ya kwanza. Raha yenyewe ilikuwa kukuona unajitukana." Na bado alikuwa anatabasamu. Hasira ile ninayo mpaka leo, na siiombei ipoe. Hao wanaosema intaneti imeleta watu wabaya, waje wanioneshe mtu mmoja aliyezaliwa ndani ya kompyuta. Sisi wenyewe ndio tulioingia humo na vinywa vyetu.

Wiki ile nikamwomba binti anipeleke kule dukani. Hakutaka. Mama yake akamwambia, "Mpeleke, aone kazi." Nikawekwa kwenye kiti, nikabonyeza herufi kwa kidole kimoja tangu adhuhuri mpaka laasiri. Nikaandika: "Mimi ndiye Msumari. Mimi pia ndiye Babu Kichwangumu mwenyewe, nilikuwa sijijui. Aliyenitunga ananichekesha. Namuomba arudi."

Hakurudi siku ile, wala mwezi ule. Alianza kwa kula na sisi. Kisha siku moja jirani akapiga chafya, na ndani ya nyumba ikajibiwa kwa chafya ya pili. Nilicheka, na uso sikuugeuza.

Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniambia "nilikwambia." Namshukuru mwenye duka, aliyemwekea binti kiti chake bila kumuuliza kitu. Wale wa barazani siwashukuru. Kahawa nakunywa kwengine. Na nyinyi wazazi, nililokuja nalo ni dogo: mwanao akikuchekesha, cheka anakuona. Akikuuliza kama anaweza, tema nyuzi kwanza, kisha fikiri, kisha ndiyo ujibu.

Babu alirudi baada ya Idi. Binti alinisomea mwenyewe, nimekaa juu ya gunia la usufi:

"Samahanini, nilikuwa naumwa. Daktari kaniuliza, mzee, unasikia maumivu wapi? Safari hii nikamwonesha."