Ukurasa Aliouacha Wazi Daktari Vitalis Chilumba

Daktari Vitalis Chilumba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1964 huko Ndanda, wilayani Masasi, mtoto wa nne wa Mzee Anselmi na Mama Josepha. Alisoma hapo hapo Ndanda, na alipenda kusimulia kwamba aliteuliwa kiranja wa afya kwa sababu moja tu: siku ile ndiye peke yake aliyekuwa na kucha safi. Alihitimu uganga mwaka 1988.

Mwaka 1991 alihamishiwa Dar es Salaam, akafanya kazi miaka thelathini na mitatu katika zahanati moja ya Kariakoo. Mliowahi kukaa kwenye benchi lile la barazani mnakumbuka: hakuita mtu kwa jina. Alisema jina likitajwa Kariakoo asubuhi, mchana limeshafika Buguruni. Aliita biashara. "Vitunguu, ingia! Mkokoteni, zamu yako!" Jamani, tumeikumbuka sauti ile.

Tarehe 26 Juni 1993 alifunga ndoa na Hyasinta, wakaishi Ilala. Ndugu wakileta ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, kutoka kusini, hakuna aliyeruhusiwa kuionja kabla yake. Jumamosi akitupitisha sokoni, tulivuka mtaa mmoja kwa nusu saa, maana kila meza ilimsalimia.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na Agosti 2024 akastaafu. Akiwa kitandani aliagiza aya inayofuata isomwe leo. Mama alikataa: "Baba Severa, msibani si mahali pa kuumbuana." Akamjibu, "Msipoisoma, mtakuwa mmemzika mtu mwingine." Basi mimi Severa, mwanawe wa kwanza, naisoma, na mhusika ameridhia.

Machi 2022 alimwita ndani mama mmoja muuza sufuria. Mama yule alikuwa mzima, vipimo vilionyesha hivyo. Akasema, "Dokta, nasikia kuna dawa kinga ya Ukimwi. Mume wangu anaenda na lori mpaka Tunduma, na mimi simwamini. Niandikie." Baba alishaandika tarehe kwenye daftari la matibabu la mama yule. Akaweka kalamu chini. "Mama, hizo si dawa za mke wa mtu. Nikikuandikia nitakuvunjia nyumba. Kaongee na mwenzio." Novemba mama yule akarudi na homa. Safari hii kipimo kilionyesha ana virusi. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Machi, wenye tarehe peke yake, akaliweka mezani.

Tangu siku hiyo, aliyeiomba kinga na kustahili aliandikiwa. Madaktari vijana aliwaambia, "Akiomba, msimhoji ndoa yake. Mpimeni, mwandikieni." Baba alikuwa mkaidi wa kutosha, lakini kosa hilo alilikubali, na lilimuuma mpaka mwisho.

Alifariki Jumamosi tarehe 3 Mei 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, Severa, Fortunata na Anselmi, na wajukuu wanne. Sufuria, kama alivyomwita, anatumia dawa, ana afya njema, na vyombo vinavyotumika kupikia msibani hapa ni vyake. Jana nilimuuliza kama alimsamehe baba. Akasema, "Nilishamsamehe zamani, mwanangu. Ila angeniandikia."

Baba, lala kwa amani. Foleni imekwisha.