Bahasha Niliyoilalia

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, shule niliishia darasa la saba, basi msinitafutie maneno makubwa.

Marehemu, mliyemwita Fundi Kola, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kitinda mimba wetu, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1972, akajifunza ushonaji, na kuanzia mwaka 1976 alishonea kwenye kibaraza cha duka la viatu, mashati yake yakisifiwa kola, suruali zake tuziache. Tarehe 14 Juni 1981 alimwoa wifi yangu, aliyetutangulia mwaka 2015, wakajaliwa mabinti wawili, hawa walioketi mbele.

Tarehe 3 Mei 2021 alipasuliwa saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo, haja kubwa inapopitia. Tuliwaambia ni vidonda vya tumbo, na mwongo mkuu nilikuwa mimi.

Alipopata nafuu alipigwa picha za MRI, zikatiwa kwenye bahasha kubwa, juu yake umeandikwa ugonjwa na mahali ulipokuwa, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisoma bila miwani, nikaona haya, nikaificha chini ya godoro langu. Tarehe 20 Agosti 2023, maumivu yaliporudi, alipigwa picha nyingine katika hospitali tofauti, na mpiga picha akataka zile za zamani wazilinganishe, nikamjibu zimepotea. Ndugu yangu, asiyeiamini hata futi yake mpaka apime mara mbili, aliniamini mimi.

Daktari aliona doa, huenda kovu la upasuaji, huenda ugonjwa, na kwa kukosa cha kulinganisha akasema arudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi doa lilikuwa limeshika mfupa. Ndipo nikaitoa bahasha, daktari akaziweka picha kwenye taa, na pale penye doa, katika ile ya zamani, palikuwa safi, kumbe ingejulikana tangu mwanzo kwamba si kovu. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

Nilimweleza ndugu yangu yote, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Dada, yaani umeyalalia makalio yangu miaka miwili?" Yeye alicheka, mimi bado.

Alifariki tarehe 11 Mei 2024, saa kumi alasiri, wodi namba tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliompikia uji kwa ugonjwa ambao hakuwa nao, na mafundi wenzake mliofunga vibanda leo.

Bahasha nimekuja nayo, nimeiegemeza hapo kwenye jeneza, maandishi yakiwaelekea ninyi.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani.