Namba Saba Bado Nyekundu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliokuja kumsindikiza, karatasi hizi zinasomwa na mdogo wake wa mwisho kwa niaba ya familia, na kabla ya kufika hapa zimepitiwa na watu watatu tofauti, kila mmoja na kalamu yake, kwa sababu marehemu aliacha maagizo kwamba maelezo yake yasitoke mlangoni bila kukaguliwa, na kwamba tarehe zikikosewa atajua.

Dada yetu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1967, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa mkaguzi wa mizani na fundi cherehani. Baba alizunguka madukani na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku la mbao, akipima mizani za wenye maduka, nao hawakumpenda, jambo ambalo baba alilihesabu kama cheti. Wakati wa likizo binti alimbebea sanduku hilo, na ndiko alikojifunza kitu alichokirudia maisha yake yote, kwamba mizani mbovu haipigi kelele, inatulia tu na kukudanganya kwa adabu.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na kiwanda, kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1986. Akiwa kidato cha nne alimwandikia mwalimu mkuu barua ya heshima, kwamba jukwaa la mahafali lina misumari isiyotosha upande wa kushoto, akajibiwa kwamba kazi ya mwanafunzi siku ya mahafali ni kuimba. Tarehe 19 Oktoba 1984 jukwaa likakaa chini upande wa kushoto, taratibu, pamoja na mgeni rasmi, meza na chombo cha maua. Hakuna aliyeumia, lakini shule iliweka kwenye faili la mwanafunzi barua ya onyo kwa kosa la kutabiri mabaya, barua ambayo, kwa kadiri familia inavyofahamu, haijafutwa hadi leo. Kutoka hapo alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya kompyuta mwezi Juni 1990, enzi ambazo kompyuta moja ilikuwa na chumba chake, feni yake na mlinzi wake.

Aliajiriwa serikalini tarehe 2 Julai 1990, katika idara ya mifumo ya kompyuta, akianza na kuingiza takwimu, mwaka 1995 akawa mwandishi wa programu, na mwaka 2003 akakabidhiwa kupanga miradi. Hapo ndipo alipoanzisha kile ambacho wenzake walikiita, kwanza kwa kejeli, kikao cha msiba. Kabla mradi haujaanza, aliwaketisha wote mezani, akafunga mlango, akasema, "Jamani, mradi huu umekufa, leo tumetoka kuuzika, kila mtu aandike umekufa na nini." Watu walicheka, kisha wakaandika, na mtu akishaandika kifo hawezi tena kusema hakukijua. Kila sababu ya kifo aliipa namba kwenye daftari la hatari, akaipa mtu wa kuishughulikia, na rangi, nyekundu kama bado iko hai, njano kama imejeruhiwa, kijani kama imedhibitiwa. Kufungwa kulikuwa jambo jingine, maana hakufunga hatari kwa sababu mtu ameahidi, aliifunga siku hatari yenyewe ilipokuja mlangoni ikakuta pameshazibwa. Kwa tabia hiyo wakampa jina la Breki, naye alipokuwa mkuu wa ubora mwaka 2011 akaliandika mlangoni kwa mkono wake, akisema gari lisilo na breki apande mwingine.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 5 Desemba 1992 na fundi umeme aliyekuja ofisini kurekebisha waya, akarudi mara nne kurekebisha waya uleule. Fundi alipotoa posa, bibi harusi mtarajiwa aliomba wiki mbili, akarudi na ukurasa mmoja wa mambo yanayoweza kuharibika, shemeji yetu akausoma wote, akasema, "Namba tatu na namba sita ni kweli, nitajirekebisha, hayo mengine umenionea." Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1994 na wa kiume mwaka 1998, ambao wanakiri mbele yenu kwamba hawakuwahi kwenda safari ya shule bila viatu vya akiba, na kwamba viatu hivyo vilihitajika mara mbili.

Turudi kazini, kwa sababu yapo ambayo wengi mmeyasikia nusunusu, na marehemu aliagiza yasemwe mazima.

Mwaka 2014 idara ilipewa mradi wa mfumo wa dawa kwa hospitali kuu, daktari aandike jina la dawa, muuguzi aandike uzito wa mgonjwa, kompyuta ikokotoe dozi. Kwenye kikao cha msiba zilipatikana sababu kumi na moja za kifo, na ya saba ilisomeka hivi: muuguzi aliyechoka ataandika uzito uliokosewa, na mfumo utakubali. Dawa yake ilijulikana, mfumo ulinganishe uzito na umri wa mgonjwa na vipimo vyake vya awali, usiporidhika ugome, kisha wauguzi waujaribu wodini kwa wiki tatu. Lakini ofisi ya juu ikapata mgeni rasmi wa uzinduzi, na mgeni rasmi alikuwa na nafasi Ijumaa moja tu, tarehe 26 Septemba, basi wiki tatu za majaribio zikawa siku tatu, na kazi ya kulinganisha uzito ikasogezwa awamu ya pili, mahali ambapo, kwa maneno ya marehemu, mambo mengi mazuri yamezikwa bila kaburi.

Jumatatu ya wiki hiyo Breki alifungua taarifa ya mradi iliyochapwa kwa ajili ya mgeni, akakuta hatari zote kumi na moja ni za kijani. Akauliza kikaoni, kwa sauti ya kawaida, "Nani aliyeiponya namba saba?" Katibu wa kamati akaeleza kwamba mwongozo wa itifaki hauruhusu mgeni rasmi kukabidhiwa taarifa yenye rangi nyekundu, hivyo rangi imebadilishwa, ila hatari yenyewe haijaguswa, na alisema hivyo kama mtu anayetoa habari njema.

Kesho yake, Jumanne tarehe 23, alimwalika muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, akawasha mfumo ukutani mbele ya mkurugenzi na kamati nzima, akamwomba aandike mtoto wa miezi tisa mwenye kilo nane, lakini kidole kiteleze, ziwe themanini. Mfumo haukusita hata sekunde moja, ukatoa dozi, ukaipamba kwa alama ya kijani. Muuguzi mkuu akavua miwani, akaivaa tena. "Hii dozi ni ya mtu mwenye ndevu," akasema. Mkurugenzi akasema muuguzi makini hawezi kukosea hivyo. "Bosi wangu," akajibu yule mama, "zamu ya saa kumi na mbili, watoto arobaini, taa moja imeungua, halafu unaniambia mimi sikosei? Nakosea. Sasa hivi kuna karatasi na mwenzangu anaisoma, ananiambia mama, hapa umekosea. Hii mashine yenu haisemi kitu."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa punda afe mzigo ufike, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu na mtu juu yake. Akasogeza fomu ya uthibitisho wa ubora, nakala tatu, akasema, "Breki, tia sahihi, hayo mengine tutayanyoosha tukiwa njiani." Marehemu akasoma fomu yote kuanzia kichwa, kama alivyosoma kila kitu, akauliza, "Na mzigo wenyewe ukiwa ni mtoto, akifika amekufa, tutamkabidhi nani?" Akaifunika kalamu, akairudisha mfukoni. Mkurugenzi akamwambia anacheza na kazi yake, na kila mtu mle ndani alijua hatanii, maana mume wake alikuwa ameanguka kutoka kwenye nguzo mwezi Mei, mguu ukiwa bado kwenye plasta, na mshahara uliokuwa ukiingia nyumbani ulikuwa mmoja. Alirudi nyumbani jioni ile, akakaa mezani na daftari, na shemeji yetu anasema hakumwona akiandika chochote, alikuwa akigeuza kurasa mbele na nyuma, hadi akauliza, "Nikisaini na isitokee?" Mume akamjibu, "Hiyo wewe ndiye uliyenifundisha kwamba siyo hesabu."

Alhamisi alipewa barua ya uhamisho kwenda stoo ya vifaa vya ofisi. Hapo ndipo serikali ya makaratasi ilipomkumba aliyeituma, kwa sababu fomu ilidai sahihi ya mkuu wa ubora, mkuu wa ubora alikuwa ameshahamishwa, na uteuzi wa mkuu mpya ulipaswa kukaa masijala siku saba za kazi. Afisa masijala aliombwa, akabembelezwa, akatishwa, akajibu kila mara, "Siku saba ni siku saba, mzee." Ijumaa mgeni rasmi alikata utepe, akabonyeza kitufe, ikatokea picha ya jengo la hospitali, watu wakapiga makofi, na mfumo wenyewe ukabaki umezimwa nyuma ya ukuta. Mkuu mpya aliporipoti, kitu cha kwanza alichokikuta mezani ni daftari limefunguliwa kwenye namba saba, naye pia hakusaini. Ulinganishaji wa uzito ukaandikwa, wauguzi wakapata wiki zao tatu, na mfumo ukawashwa tarehe 2 Desemba 2014, bila ngoma.

Breki alikaa stoo miezi kumi na sita, ambako alipanga karatasi kwa umri na kugundua dari litavuja kabla halijavuja. Alirudishwa idarani Februari 2016, bila maelezo, kama alivyopelekwa. Namba saba aliigeuza kuwa ya kijani siku aliporudishiwa daftari lake, lakini hakuifunga. Watu walimtania, "Mama, miaka minane sasa, ifunge ukapumzike," naye akajibu kwamba haijaja mlangoni mbele ya macho yake, na yeye za kusikia hazifungi.

Figo zake zilianza kusumbua mwaka 2022, akastaafu mapema tarehe 30 Juni 2023, na Jumatatu tarehe 27 Mei 2024 akalazwa katika hospitali ileile. Alhamisi tarehe 30 muuguzi wa zamu, binti mwenye macho ya usingizi, alimpima, akasogeza kompyuta yake ya magurudumu, na badala ya kilo arobaini na saba akaandika sabini na nne. Mashine ikalia. Akabonyeza tena, ikalia tena, ikamwandikia kwamba uzito huu haulingani na wa jana, apime upya. "Jamani, hili dude linabishana kama mama mkwe," akasema, "sijui nani alilitengeneza." Shemeji yetu akafungua mdomo, marehemu akambana mkono chini ya shuka, akasema tu, "Nipime tena, mwanangu, mimi sina haraka." Ikasoma arobaini na saba, mashine ikanyamaza, dozi ikatoka, na binti akaenda kitanda kinachofuata bila kujua kilichopita.

Kisha akaomba daftari lake. Ilimchukua muda, lakini kwenye mstari wa namba saba aliandika imefungwa, na tarehe, na kwa mara ya kwanza akatia sahihi. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa binti wa zamu ile, ambaye tunaamini yupo hapa na sasa anajua, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake, muuguzi mkuu mstaafu aliyeketi pale mbele, na afisa masijala, popote alipo, kwa siku zake saba.

Dada, tumekagua, hakuna kilichobaki wazi. Pumzika sasa, kwa amani uliyoitia sahihi mwenyewe.